Boliti ya Nne ya Mzee Hango

Boliti tatu zilitoka kabla jua halijapata makali. Zilitoka kwa adabu, kama zinavyotoka boliti zilizofungwa na mtu anayejua kuwa siku moja mwenzake atakuja kuzifungua: nyuzi zimepakwa grisi, kipete cha washa kimekaa sawa, kofia ya mpira imefunikwa juu. Nilimshukuru kimoyomoyo fundi aliyenitangulia, nikaweka spana kwenye ya nne, nikavuta. Haikutikisika hata kidogo.

“Polepole, fundi,” alisema Mzee Hango. “Hiyo ni nyonga.”

Yeye alikuwa juu yangu, kwenye kiti cha dereva. Mimi nilikuwa nimejikunja sakafuni mwa kabini, kichwa chini ya usukani, makalio yangu yakitazama mlango ulio wazi. Kiunoni mzee alivaa mshipi mpana wa chuma, na mshipi huo ulishikwa kwa boliti nne kwenye nguzo iliyotoka moja kwa moja kwenye chesisi ya lori. Madereva waliiita nguzo hiyo shina. Ndani ya shina zilipita nyaya nyembamba kuliko nywele, zikaingia kwenye mshipi, na kutoka hapo zikazama kwenye uti wa mgongo wake. Nilipogonga kichwa cha boliti kwa nyundo ndogo, mzee alikunja uso kama mtu aliyejikwaa kidole.

“Samahani, mzee.”

“Gonga tu. Nimezoea mashimo ya barabarani.”

“Zile tatu zimechukua nini?”

“Ya kwanza imechukua taa na honi. Ya pili breki na usukani. Ya tatu imeondoka na injini. Ukiiwasha sasa nitaisikia kama unavyoisikia wewe, kelele tu.”

“Na hii?”

“Hii ni springi,” alisema, akageuza uso dirishani.

Vijana wanaokua wakiona malori yasiyo na dirisha yakijiendesha kwenye barabara kuu hudhani mambo yaliruka tu, kutoka dereva mwenye leseni hadi sanduku lisilo na mtu. Katikati ilikuwapo miaka ya madereva wa kuungwa. Mashine ilikuwa bado haijui kushuka Mlima Sekenke wakati wa matope, lakini mtu alijua. Basi kampuni za mizigo zikawatafuta watu waliovunjika migongo ajalini, wasiohisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini, zikawaunga na magari. Mtu aliyepoteza miguu miwili akapewa matairi kumi. Wengi walikubali wakicheka kwa furaha, nami siwalaumu. Halafu mashine ikajifunza matope, kampuni zikafungwa, na madereva wakabaki ndani ya magari yao.

Mzee Hango alibaki ndani ya lake, kiwanjani nje kidogo ya mji wa Singida, kati ya mawe makubwa yanayotazama Ziwa Kindai. Lori lilikuwa limeandikwa nyuma kwa herufi nyekundu: MKAIDI HAFAIDI. Alisema maneno yale aliwaandikia askari wa barabarani. Mimi nilipofika nilidhani amejiandikia mwenyewe.

Sasa chini ya mshipi kulikuwa na kidonda. Nilikisikia harufu kabla sijakiona. Daktari wa kliniki alikuwa amesema waziwazi kwamba dawa haifiki pale chuma kilipobana. Mshipi ukitoka atakitibu, usipotoka sumu itaingia kwenye damu, na hapo hakuna mazungumzo. Boliti zenyewe hazikatwi. Zilitengenezwa hivi kwamba kila uzi unaofunguka unaachia neva chache, taratibu, mwili upate kuzoea. Ukikata shina kwa msumeno, nyaya zote zinaachia kwa mpigo mmoja na moyo unasimama. Ukipasha moto, unamchoma mtu uti wa mgongo. Kwa hiyo mtungi wangu wa gesi niliuacha nyumbani, na fundi wa kutu asiye na moto ni kama mpishi aliyenyimwa jiko.

Mchana alikuja Sikudhani, bintiye, mwanamke wa miaka thelathini hivi anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Alipanda ngazi ya kabini akiwa na mabakuli ya ugali, mlenda na kuku, akamwekea baba yake mapajani, kisha akachungulia chini nilipo.

“Shikamoo, dada fundi. Imekataa?”

“Marahaba. Neno hilo sijalisema.”

Na sikulisema kwa makusudi. Kwetu mafundi wa boliti, na tumebaki wachache, “imekataa” si neno la kutupatupa. Fundi akishalitamka, hakuna mwenzake atakayeigusa boliti hiyo tena. Kuigusa ni kumwambia hadharani kwamba hajui kazi. Watatu walionitangulia waliogopa kulisema. Kila mmoja alitoa zile tatu, akashindwa na ya nne, akazirudisha zote na kumwambia Sikudhani, “Mtafute Eliwaza kwanza.” Eliwaza ndiye mimi. Nikisema mimi imekataa, hakuna pengine pa kwenda. Nakiri nilijisikia mkubwa kwa hilo.

Nilifanya kama tulivyofundishwa sote. Nilichanganya mafuta ya gia na tina, nikayatia kwenye kopo lenye mdomo mrefu, nikamkabidhi mzee. Kulowesha ni kazi ya mwenye gari. Fundi anapumzika, mwenye gari anakesha na boliti yake akiitilia matone, ili asubuhi asiseme alitazamwa tu kama mgeni. Hii ya nne ilikuwa nyuma kushoto, chini kabisa, na mkono wake wa kushoto uliifikia vizuri. Nikazirudisha zile tatu kwa vidole, maana mtu haachwi nusu ndani nusu nje.

“Iloweshe, mzee. Usiiache ikauke.”

“Nitaitunza kama mwanangu,” alisema Mzee Hango.

*

Asubuhi iliyofuata boliti ilikuwa ngumu kuliko jana.

Jambo hili halitokei. Boliti iliyoloweshwa usiku kucha inaweza kubaki pale pale, lakini haizidi ukaidi. Nilichukua brashi ya waya nikasugua kitako chake, nikaanza kuisoma kutu. Kutu ya miaka ni nyeusi, ngumu, inabanduka kwa magamba. Hii ilikuwa ya rangi ya chungwa, laini, ikanipaka vidoleni kama bizari. Ilikuwa kutu changa. Pia boliti ile ilipaswa kunuka mafuta ya gia, lakini ilinuka tope.

Nikaramba kidole. Usiniulize kwa nini fundi anaramba. Daktari naye anachungulia vikojoleo vya watu na hakuna anayemcheka. Ilikuwa chumvi, tena si ya dukani. Ilikuwa ile ya ziwani, yenye uchungu, inayouacha ulimi mkavu.

“Mzee,” nilisema, “nyoosha mkono wako wa kushoto.”

“Wa nini tena?”

“Nyoosha tu.”

Aliunyoosha polepole. Kucha zote tano zilikuwa na rangi ya chungwa kwenye mizizi, rangi isiyotoka kwa kunawa mara moja. Tulitazamana. Kisha akaurudisha mkono pajani na kuufunika kwa wa kulia, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

“Una ulimi wa mbuzi wewe,” alisema. “Wenzako watatu, hakuna aliyelamba.”

Hasira ilinipanda hadi nikajigonga kichwa kwenye usukani. “Mafundi watatu, mzee! Na mimi wa nne! Tunakuachia mafuta uloweshe, wewe unamwaga maji ya chumvi?”

“Mafuta yako yapo. Yako nyuma ya kiti na kopo limejaa vilevile. Sikutaka kuyapoteza.”

Ningeweza kucheka kama kisingekuwapo kile kidonda.

“Unajua kitakuua.”

“Najua. Nimezeeka, sijawa mjinga.”

“Basi kwa nini usimwambie mwanao kwamba hutaki kutoka?”

Alipapasa usukani kwa kidole gumba. “Nimwambieje, fundi? Amepiga magoti kliniki mpaka wamekubali kunilaza. Amewatafuta ninyi mmoja mmoja. Kila akiniuliza, ‘Baba, utoke?’ nasema, ‘Ndiyo, mwanangu, nitoe.’ Nikisema hapana, atasikia kwamba baba yake kachagua lori kuliko yeye. Lakini boliti ikikataa, hakuna aliyemkataa mwenzake. Chuma kimekataa, basi. Tutalia pamoja.”

Nilikuwa nimejiandaa kumwona mzee mkaidi, au mwoga, na mbele yangu alikaa mtu aliyelifikiria jambo lake mpaka mwisho.

“Mama yake alifariki Sikudhani akiwa wa kubebwa,” aliendelea. “Sikuwa na wa kumwachia. Nilikuwa namlaza nyuma, kwenye mfuko wa pamba, naye alikua humo. Mimi niko mbele nashuka Sekenke, naye nyuma amelala, na kila akigeuka nilimjua. Si kwa kumsikia, fundi. Nilimjua hapa.” Akagusa mbavu. “Mtoto wa kilo kumi kwenye lori la tani kumi, na nilimjua. Madaktari wanasema nikitoka nitakuwa mzima. Mzima wa nini? Kuanzia hapa kwenda chini nilikufa siku ya ajali. Wao wanauita mwili huu wa chuma mkongojo. Mimi siujui mwingine. Sasa hivi akipanda hiyo ngazi na chakula, najua ni yeye kabla hajafungua mdomo. Hiyo ndiyo boliti ya nne.”

“Na ukifa humu, atakujua yeye kwa kitu gani?”

“Ndiyo maana sikutaka ajue kuwa nimechagua mwenyewe.” Akanishika bega. Mkono wake ulikuwa wa moto, na nikajua sumu imeshaanza. “Mwanangu, wewe jina lako ni kubwa. Sema imekataa. Neno moja tu. Atapumzika, nami nitapumzika.”

*

Nilishuka nikaenda kukaa juu ya jiwe. Upepo wa Singida ulikuwa ukiyazungusha yale mapanga makubwa ya mitambo ya umeme kule mlimani, na mimi nilikuwa na hasira na kila mtu: na mzee, na kampuni zile zilizokufa bila kuzikwa, na Sikudhani kwa kunileta, na ulimi wangu kwa kuramba.

Niseme ukweli, neno lenyewe lilikuwa jepesi. Nani angenihoji? Mafundi wangetikisa vichwa na kusema, kama Eliwaza kashindwa basi ile si boliti, ni mzizi. Jina langu lingechafuka kidogo na lingesafika. Mzee angekufa mahali alipotaka, akiwa na mwili alioutaka, na bintiye angelia kilio kisicho na kisu ndani yake. Mbona uongo mwingine tunausema kila siku kwa faida ndogo kuliko hiyo?

Lakini kila nilipojaribu kulitamka, nilimwona Sikudhani akimwambia baba yake, “Pole, baba, tumejitahidi,” na mzee akijibu, “Ndiyo, mwanangu, tumejitahidi.” Wangekaa na uongo huo wiki mbili, tatu, mpaka mazishi. Angemzika mtu asiyemjua. Na siku moja, fundi wa kubomoa lori lile angesugua boliti ya nne, akaona nilichokiona mimi, akasema mbele yake. Boliti haifichi mambo kwa muda mrefu.

Upande wa pili nao haukunipendeza. Ningeweza kunyamaza, nikaifungua, nikaitoa, na watu wa kliniki wakambeba mzee akisema “ndiyo, mwanangu” huku hataki. Huko ni kumng’oa mtu mwilini mwake kwa sababu anaona haya kusema hapana. Sikuwa tayari kwa hilo pia. Mimi kazi yangu ni kutu. Kutu ndiyo iliyokuwa imegeuzwa mdomo wa mzee, inasema yale ambayo yeye hathubutu. Nikajiambia, basi nitaondoa kutu, nisiondoe kitu kingine. Nikateremka kwa muuza juisi barabarani, nikarudi na mfuko wa barafu.

“Umeamuaje?” mzee aliuliza.

“Nitailegeza. Kuitoa si shauri langu.”

“Na nikikushika mkono?”

“Nishike. Nitafungasha vyombo vyangu niende, na Sikudhani akiniuliza nimeona nini, nitamjibu.”

Hilo lilikuwa tishio, sina jina jingine la kuliita. Alinitazama kwa muda, kisha akaachia usukani na kuweka mikono yote miwili juu ya paja.

Kwanza niliisafisha chumvi kwa maji matamu, mara nyingi, mpaka niliporamba kidole sikuonja chumvi. Kisha nikaikausha na kuitia mafuta yangu, yale yaliyokuwa nyuma ya kiti. Nikajaza barafu kwenye soksi na kuifunga kwenye kichwa cha boliti. Watu hudhani boliti iliyoshika hufunguliwa kwa nguvu. Hufunguliwa kwa kuishawishi. Moto hukifanya chuma cha nje kitanuke. Kama huna moto, baridi huifanya boliti yenyewe isinyae, na katikati ya hizo nyuzi hutokea upenyo mdogo kuliko unywele, na mafuta huingia humo.

“Goti linaganda,” alisema mzee.

“Huna goti huko chini, mzee.”

“Mwambie goti.”

Nilicheka, naye akacheka, na ilitusaidia. Nilitoa soksi, nikagonga kichwa cha boliti kwa nyundo ndogo pande zote sita, si kwa nguvu, kwa mfululizo. Nikatia mafuta. Nikarudisha barafu. Nilifanya hivyo asubuhi nzima. Mzee hakulalamika tena. Mara mojamoja alifumba macho tu na kuvuta pumzi.

Kisha nikaweka spana, na badala ya kufungua, nikakaza. Hili ndilo wanafunzi wangu huchelewa kulielewa. Boliti iliyoshika haijali unaisukuma upande gani, inachotaka ni kutosukumwa. Ukiikaza kidogo, kutu inavunjika upande ambao haikujiandaa. Nilivuta taratibu, taratibu, mpaka nikasikia mlio mmoja mkavu, kama kuni inayopasuka.

Mzee alitoa sauti ambayo sitaieleza.

“Imeachia?” aliuliza baadaye.

“Imeachia.”

Nikaizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, mafuta yakaingia, spana ikawa nyepesi mkononi. Sikuitoa. Niliirudisha hadi ilipokaa kwa kuibana kwa mkono tu, nikaifuta, nikaipaka grisi kichwani. Iling’aa. Kisha nikazitoa zile nyingine tatu, kwa mpangilio wake, na kuzipanga kwenye kitambaa.

*

Sikudhani alifika na gari la kliniki, lile jeupe lisilo na dereva, pamoja na wahudumu wawili wenye machela. Aliona boliti tatu kwenye kitambaa, akainama kuchungulia ya nne, akaona inang’aa. Alipiga kigelegele kimoja kikali hadi mmoja wa wahudumu akaruka.

“Dada fundi! Umeiweza! Baba, umeona? Umeona?”

“Nimeona,” alisema Mzee Hango.

“Basi itoe, dada, tusimcheleweshe.”

Nilifuta mikono yangu kwa kitambaa, nikachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Kazi yangu imeishia hapa, mdogo wangu. Boliti si kizuizi tena. Mwulize mwenyewe.”

Aligeuka kwa baba yake, tabasamu bado liko usoni. Mzee alitazama usukani. Nilidhani atasema tena lile “ndiyo, mwanangu”, na akilisema ningelazimika kuchagua upya.

“Ile chumvi unayoniletea,” alisema. “Ya kusukutua meno.”

“Chumvi gani, baba? Chumvi imefanya nini?”

“Sikuwa nasukutua.”

Alimweleza yote, kwa sauti ile ile ambayo dereva humweleza tajiri hasara ya njiani, bila kujipamba. Sikudhani alisikiliza akiwa amesimama. Wahudumu waliondoka kimyakimya wakaenda kusimama nyuma ya gari lao.

“Mimi mwenyewe,” Sikudhani alisema mwishowe. “Mimi mwenyewe nilikuwa nateremka ziwani kuikwangua. Kwa hii mikono. Nikifika nakuuliza, baba, inatosha? Unasema, ongeza kidogo.”

“Ndiyo.”

“Ungesema hutaki! Mimi ni polisi? Ungeniambia, Sikudhani, sitaki, niache. Ningelia, ningegomba, ningenuna, halafu ningekuletea chakula vilevile. Kwani nilikuwa na lipi jingine la kufanya? Lakini kunizungusha hivi, baba, kama mtu wa nje!”

Alitafuta pa kukaa, hakupaona, akakaa kwenye ngazi ya kabini, mgongo wake kwa baba yake, uso ndani ya viganja.

Mzee alifumba macho. Nilimwona akigeuza kichwa kidogo upande wa ngazi, bila kutazama.

“Umepungua,” alisema.

“Baba, usibadilishe mazungumzo.”

“Umepungua, Sikudhani. Umepungua sana. Tangu mavuno ya alizeti, kila ukipanda na chakula unakuwa mwepesi. Nikajiambia umebadilisha viatu. Halafu nikajiambia umeacha kubeba mkoba.”

“Chakula hakipiti, baba. Kingepitaje?”

“Nilijua,” alisema mzee. “Springi zilikuwa zinaniambia kila siku. Nikawa naisikia hiyo, na namwaga chumvi.”

Mimi nilitamani kuwa popote pengine, hata chini ya lori lolote linalovuja. Kisha mzee aliunyoosha mkono wake wa kushoto, wenye kucha zile, akaufungua mbele yangu.

“Fundi, lete spana.”

“Mzee, hakuna anayekulazimisha. Ukitaka kubaki, sema sasa, na yeye yupo hapa anasikia.”

“Nimesikia na yeye amesikia. Lete spana, mwanangu, usiniongezee maneno.”

Nikampa. Aliiweka bila kutazama, mara ya kwanza tu, ikakaa. Aliijua boliti ile kuliko mimi. Akazungusha robo.

“Bodi limekwenda,” alisema.

Robo nyingine. “Springi za nyuma.” Alisubiri, akavuta pumzi, akazungusha. “Chesisi katikati.” Alikuwa akizitaja kama utingo anavyotaja vituo. Jasho lilimtiririka shingoni. Sikudhani alikuwa ameinua uso lakini hakugeuka. Nadhani aliogopa kuona.

“Bado umekaa?” mzee aliuliza.

“Nimekaa.”

“Usiinuke kwanza.”

Akazungusha tena. Mkono wake ukasimama. Nilisikia nzi ndani ya kabini.

“Sikudhani.”

“Baba.”

“Bado umekaa?”

“Nipo hapa, sijaondoka.”

Mzee Hango alifumbua macho. Akajivuta kwa usukani, akaegemea mlango, akainamisha kichwa chini kwa shida mpaka akamwona mwanawe kwa macho, pale pale alipokuwa. Akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akarudi kitini na kumaliza nyuzi zilizobaki bila kutaja kitu chochote. Boliti ikaniangukia kiganjani, ya baridi na nzito, na mshipi ukafunguka.

Niliwaita wahudumu. Walipanda, mmoja akamkumbatia mzee chini ya makwapa, mwingine akashika mgongo na kukiziba kidonda kwa kitambaa safi. Sikudhani alizunguka upande wangu, akapenyeza mikono yake chini ya usukani, akaikusanya miguu ya baba yake, miembamba, iliyokaa pale miaka yote, na kuibana kifuani kwake.

“Miguu ameshika nani?” mzee aliuliza, akitazama dari ya kabini.

“Nimeishika mimi, baba.”

“Umeishika vizuri?”

“Vizuri, baba.”

“Haya,” alisema Mzee Hango. “Inueni.”